Stendi ya kamera: nunua ile utakayoibeba

Hapa Mlimani pametulia kidogo, UE zimekwisha, na kama kawa watu wameshaanza kupanga safari. Wengine fildi, wengine nyumbani kwa wazee, wengine wanasema wanavuka kwenda Zanzibar kula bata. Na tangu bumu liingie, swali ninalokutana nalo koridoni ni lilelile: "Oyaa, nataka stendi ya kamera ya kusafiria, ninunue ipi?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Leo naandika msimamo wangu mara moja, anayetaka kubisha abishe.

Msimamo ni huu: kama una kamera ndogo, ile ya kuingia mfukoni au isiyofika kilo moja na lenzi yake, nunua stendi ambayo utaibeba kutwa nzima bila kuichukia, na ambayo haitikisiki ukishaisimamisha. Urefu ni jambo la tatu. Tatizo ni kwamba ukiingia madukani Kariakoo unaanza kuuziwa urefu. Muuzaji anaivuta mpaka inakaribia dari, anakwambia "hii mpaka mita moja na nusu, bro", na wewe macho yanakutoka. Hakuna anayekwambia ibebe begani utembee nayo mpaka Mnazi Mmoja na kurudi, halafu ndiyo mwongee bei.

Kwa nini nalipigia kelele jambo dogo hivi? Mwaka jana kikundi chetu kilikwenda Kolo, Kondoa, kuangalia michoro ya miambani. Kwa wasiofahamu, ile michoro iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na imetawanyika kwenye mapango na miamba zaidi ya 150. Huko siyo Mlimani City, ni kupanda. Tulikuwa na stendi mbili. Moja ya jamaa yetu, dude la kilo tatu hivi la kupigia video za harusi, lina begi lake kabisa. Nyingine yangu, kilo moja na kidogo. Gari liliposimama, kila mtu akaliangalia lile dude, akaangalia mlima, akaangalia maji yake ya kunywa... Likabaki garini. Yangu ilipanda kwa sababu ilikuwa ndani ya begi na nilishasahau kama ipo.

Sasa kule juu, chini ya mwamba, kuna kivuli. Flashi usiiwazie, michoro ya kale haipigwi mwanga wa ghafla namna hiyo. Kamera yangu ikaniambia: ukitaka picha kwa sehemu ya 1 kwa 60 ya sekunde, weka ISO 1600. Ukikubali, picha inatoka na chengachenga, na zile rangi nyekundu zilizofifia zinapotea katikati ya chenga. Nikishuka mpaka ISO 100 picha inakuwa safi, lakini shata inahitaji robo sekunde, na hakuna mkono wa binadamu unaotulia robo sekunde baada ya kupanda mlima. Stendi ikamaliza ubishi. Wenzetu waliopiga kwa mkono wengi walirudi na ukungu.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa hoja yangu. Mary Leakey alipokwenda Kondoa mwaka 1951 alinakili michoro ile kwa mkono, mstari kwa mstari, na kazi yake leo ni ushahidi wa jinsi michoro ilivyokuwa wakati huo. Jua, mvua na mikono ya watu havijaacha kufanya kazi yao tangu hapo. Picha yako ya fildi leo ni kumbukumbu ya mtu wa miaka 50 ijayo. Vivyo hivyo picha ya bibi yako jioni pale barazani. Ukirudi na ukungu, huwezi kumwambia mwamba au bibi arudie mwaka ule.

Haya, turudi dukani. Mimi naangalia mambo manne.

Kwanza, nenda na begi lako. Siyo kipimo cha kichwani, begi lenyewe. Ikikunjwa sentimita 40 hivi, inaingia kwenye begi la mgongoni la kawaida na inakaa mapajani mwako kwenye daladala. Ikizidi hapo itaning'inia nje, na pale Ubungo saa kumi na mbili jioni kitu kinachoning'inia ni cha wote, he he.

Pili, puuza urefu ulioandikwa kwenye boksi. Ule mara nyingi unahesabiwa bomba la katikati likiwa limevutwa mpaka mwisho. Bomba hilo likiwa juu, kamera imesimama kwenye fimbo moja, siyo kwenye miguu mitatu, na kila upepo unaifikia. Uliza urefu bila bomba. Peak Design walipotoa stendi yao ya safari mwaka 2019 walisema sentimita 152 bomba likiwa juu, lakini likiwa chini ni kama 130 tu. Hiyo 130 ndiyo ya kuamini, na inatosha. Sio lazima kamera ifike usawa wa macho yako, kuinama kidogo hakujaua mtu.

Tatu, itikise. Vuta miguu yote, weka kiganja juu, gandamiza, halafu jaribu kuizungusha kidogo kama unafungua chupa. Ikicheza hapo dukani kwenye sakafu ya vigae, kule ufukweni itacheza ngoma. Bibi zetu wanajua siri ya miguu mitatu: mafiga ni matatu, chungu kinatulia hata ardhi ikiwa na mabonde. Kwa hiyo miguu siyo shida, shida ni wembamba wa vipande vya mwisho. Stendi yenye vipande vitano kila mguu inakunjika fupi sana, lakini kile cha tano kinakuwa kama penseli. Mimi nachukua vinne, na nikiwa kazini kile chembamba nakivuta mwisho kabisa, tena kama sina jinsi.

Nne, angalia kichwa. Kwa picha za kawaida kichwa cha gololi kinatosha, unakaza kitasa kimoja kamera imetulia. Halafu kile kibati kinachofungwa chini ya kamera. Skrubu yake haina shida, kamera karibu zote zinatumia ile ya robo inchi. Lakini stendi nyingi za bei chee zina kibati cha kwao peke yao, ukikipoteza stendi imegeuka mkongojo. Chukua yenye kibati cha mtindo wa Arca-Swiss, maana kinatengenezwa na kampuni nyingi na utapata kingine.

Vipi kuhusu kaboni? Jamani, tusidanganyane. Hiyo ya Peak Design ilitoka kwa dola 350 hivi ya alumini na 600 ya kaboni. Alumini kilo 1.56, kaboni kilo 1.27. Yaani dola 250 kwa ajili ya gramu 290, pungufu ya chupa ndogo ya maji! Mwanafunzi anayekula kwa bumu anywe maji kabla ya kuondoka, atakuwa amepunguza uzito uleule bure. Alumini yoyote inayopita mtihani wa kutikiswa ni yako.

Na kama mfuko hauruhusu hata hiyo, kuna stendi za mezani. Manfrotto Pixi haifiki robo kilo, unaiweka juu ya ukuta, jiwe au boneti la gari. Zile za Joby zenye miguu ya kujikunja unazifunga kwenye bomba la ngazi. Bora hiyo iliyo mfukoni kuliko dude lililo chini ya kitanda.

Najua kuna wa kusema: "Simu yangu ina hali ya usiku, stendi ya nini?" Sawa, lakini hata simu inaomba utulivu. iPhone 11 ya mwaka 2019 ikihisi imetulia kabisa inaweza kukaa wazi mpaka sekunde 30, na Pixel 4 ya mwaka huohuo inapiga nyota kwa sharti usiishike mkononi. Nunua kibanio cha simu, stendi ni ileile.

Ukishaipata, mambo madogo: tumia taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisitikise kamera, zima kitulizi cha picha kama mwongozo wa kamera yako unasema hivyo, ning'iniza begi katikati kukiwa na upepo. Ukitoka baharini ioshe miguu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, maana mchanga na chumvi vinakula zile sehemu za kukazia.

Kwa mazoezi, nenda Nkrumah Hall saa moja usiku, ule ukumbi uliochorwa kwenye noti ya 500 ya mwaka 2010. Piga mmoja kwa mkono, mmoja kwa stendi, halafu uje unibishie. Nawasilisha.