Furaha ya Mkulima na Mshahara Wetu

Wako wenzetu, wapokeao mshahara kila mwisho wa mwezi, wasemao kwamba mkulima wa Mahongole hana haja ya fedha nyingi kwa kuwa furaha anayo. Hatukubali hata kidogo. Neno hilo twalijua lilikotoka. Zamani za Mwingereza wenye mashamba walisema ati Mwafrika akiisha kupata ya kodi na ya nguo huacha kazi, basi mshahara usizidi. Walisema hayo juu ya wazee wetu wa Njombe, waliotoka huku kwenye baridi wakaenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba. Kipande kilikuwa cha siku 30 za kazi, na siku ya kuugua haikuhesabiwa. Atakaye fedha kidogo husafiri mpaka Tanga?

Nasi tusijitoe. Katika Tanga hiyo hiyo, mwaka 1922, Waafrika watumishi wa Serikali walianzisha chama chao. Kilikuwa cha makarani na walimu, si cha wakata mkonge.

Auzaye mahindi Makambako leo ana mbolea ya kununua na mgonjwa wa kupeleka hospitali. Sisi tuombapo nyongeza, hatuandiki kwamba furaha yatutosha.