Kiingereza pekee hakikuijenga Bangalore

Kila yanapozuka mazungumzo kuhusu kazi za kompyuta zinazotoka ng'ambo, husikika kauli moja ambayo imerudiwa hata ikawa kama imani: kwamba Wahindi walifanikiwa kwa sababu wanajua Kiingereza, na kwamba sisi Wakenya, maadamu tunakijua, tumekwisha kuushika ufunguo wa mlango huo. Mimi ni mwalimu wa isimu na lugha ndiyo riziki yangu. Hata hivyo, sina budi kusema kwamba kauli hiyo inaipa lugha sifa isiyoistahiki.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Bengaluru, jiji ambalo wengi wetu tungali tunaliita Bangalore, lilikuwa na taasisi kuu ya sayansi tangu 1909. Mnamo 1951, miaka 4 tu baada ya uhuru, India ilifungua taasisi yake ya kwanza ya teknolojia huko Kharagpur, na nyingine zikafuata. Kampuni ya Tata Consultancy Services ilianzishwa 1968. IBM ilipofunga virago mwaka 1978, kwa kutoridhia masharti ya serikali kuhusu umilikaji wa kampuni za kigeni, wataalamu wa nchi hiyo walilazimika kujitegemea. Miaka 3 baadaye, wahandisi 7 walianzisha Infosys kwa mtaji wa dola 250. Mwaka 1985, kampuni ya Kimarekani ya Texas Instruments ilifungua kituo Bangalore na kukiunganisha na makwao kwa setilaiti. Kuanzia 1991, serikali ilitenga maeneo maalumu ya kuundia programu, yakapewa nafuu ya kodi na njia za mawasiliano.

Basi ulipokaribia mwaka 2000, na kampuni za Magharibi zikahofu kwamba kompyuta zao, zilizozoea kuandika mwaka kwa tarakimu 2, zingevurugika, India ilikuwa tayari na jeshi la mafundi. Leo sekta hiyo imeajiri zaidi ya watu milioni 5. Tangu Kharagpur hadi mavuno hayo ni takriban nusu karne. Huo si muujiza wa lugha. Ni subira ya taifa lililowekeza katika hisabati na sayansi kabla ya kujua mnunuzi atatoka wapi.

Sikatai kwamba Kiingereza kilisaidia. Wateja wengi walikuwa Wamarekani na Waingereza, na biashara haifanywi kwa ishara. Lakini jiji la Dalian nchini China lilikuza biashara kama hiyo kwa kuwahudumia Wajapani kwa Kijapani. Vietnam nayo ilipata soko kubwa Japani, na wahandisi wake wakajifunza lugha ya mteja. Kwa upande mwingine, Ufilipino, ambako Kiingereza kimeenea sana, imepata sifa zaidi kwa kupokea simu za wateja kuliko kwa kuunda programu. Ni bayana kwamba lugha humfikisha mtu mlangoni. Kinachomwingiza ndani ni ujuzi.

Tuigeukie Kenya. Tumezileta nyaya za baharini tangu 2009. Ruwaza ya 2030 iliitaja kazi hii miongoni mwa nguzo za uchumi, na ujenzi wa Konza ulizinduliwa mwaka 2013. Vyote ni vyema. Swali langu ni kuhusu darasa. Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, imependekezwa kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya mazingira yake katika madarasa 3 ya kwanza. Shule nyingi huupuuza mwongozo huu, na wazazi hushangilia. Matokeo yake ni mtoto anayekariri kanuni ya hisabati kwa Kiingereza safi, ila ukimuuliza kwa nini jawabu ni hilo, hunyamaza. Baadhi yao huja hadi vyuo vikuu na ukimya huo.

Programu ya kompyuta ni mantiki iliyoandikwa. Asiyeweza kueleza hatua za fikira zake kwa lugha yoyote hawezi kuielekeza mashine. Fauka ya hayo, enzi hii ya akili unde inatuonya: kazi inayohitaji Kiingereza tu na vidole vyepesi ndiyo mashine inayoikwapua kwanza. Tukiwaandaa vijana wauze lafudhi, tutakuwa tumewapeleka sokoni na bidhaa inayoshuka bei kila kukicha.

Walimu wenzangu, mwanafunzi akikwama katika hesabu, mruhusuni aifafanue kwa Kiswahili au kwa lugha ya mamaye. Akiielewa, Kiingereza cha kuiandikia kitamfuata. Nanyi wanafunzi, msijipime kwa ufasaha wa matamshi. Jipimeni kwa tatizo mlilolitatua. Serikali nayo itambue kwamba maabara na mwalimu wa hisabati huko kijijini ni sehemu ya Konza sawa na majumba yake.

Kiingereza tufundishe, tena vyema. Tusidhani tu kwamba kwa kukifundisha tumekwisha kufundisha mengine.