Ukiondoa Maziwa, Uweke Nini?

Mabishano juu ya maziwa yamerudi katika makanisa yetu ya Kisabato, na safari hii yana ukali. Kwenye semina za afya za Sabato alasiri, kwenye makundi ya WhatsApp ya kwaya, hata kwenye makambi ya Kendu Bay na Homa Bay, wapo wanaofundisha kwamba muumini wa kweli hana budi kuacha maziwa, siagi na mayai kama alivyoacha pombe na tumbaku. Wapo wanaowajibu kwamba Ibrahimu mwenyewe, alipotembelewa na wageni wake kule Mamre, aliwaandalia siagi na maziwa, na wageni wale hawakukataa. Katikati yao yuko mama wa Nyalenda au Manyatta hapa Kisumu, mwenye watoto watatu na shilingi za kuhesabu, anayetaka kujua jambo moja tu: kesho asubuhi aweke nini kwenye uji?

Toleo hili lote tumelitoa kwa ajili ya mama huyo. Nami kama mhariri nitasema mapema ninaposimama. Maandiko hayakukataza maziwa wala hayakuyaamuru. Kwa hiyo hakuna faida kuulizana kama ni halali. Tuulizane hivi: ukiyaondoa mezani, unaweka nini mahali pake, na hicho unachokiweka kinapatikana wapi na kwa bei gani?

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Mtoto wa Kisabato aliyelelewa kando ya ziwa hili hajifunzi Walawi 11 darasani. Anajifunza kwenye sufuria. Ngege analiwa, mbuta analiwa, omena analiwa. Mumi haliwi kwa sababu hana magamba, hata jirani akimkaanga vizuri namna gani. Huo ni mpaka ulioandikwa, na waumini wameushika zaidi ya miaka mia moja mbele ya watu wanaowacheka. Maziwa hayana mpaka wa aina hiyo. Kutoka 23:19 inakataza kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake, basi. Maziwa yenyewe yametajwa mara nyingi kama baraka ya nchi ya ahadi. Wanaotuelekeza kwenye Mwanzo 1:29, kwenye chakula cha Edeni cha mbegu na matunda, wana hoja ya kuheshimiwa. Lakini huyo anayekataa maziwa kwa aya hiyo, na bado anakula mbuta, ameichukua nusu ya Edeni.

Pia tusisahau kwamba mji huu hauna dini moja. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, ikiitwa bado Port Florence, ilileta pia Wahindi walioweka maduka na mahekalu, na wengi wao hawali nyama kabisa kwa sababu ya imani, ila maziwa, mtindi na samli ndivyo vinavyoshikilia sinia lao. Waislamu wa Kendu Bay na wa Kisumu husoma katika Sura ya An-Nahl kwamba maziwa safi yatokayo matumboni mwa wanyama ni ishara ya Mungu. Waorthodoksi wa Ethiopia huacha maziwa wakati wa mfungo, tena siku nyingi za mwaka, lakini mfungo una mwisho, na siku ya kufungua maziwa hurudi mezani. Imani hizi zote zinachukulia chakula kwa uzito, na hakuna hata moja kati yake inayoyaita maziwa najisi.

Kwa nini basi sisi tulipokea wasiwasi huu? Ulikuja pamoja na misheni. Mwaka 1906 mmisionari Arthur Carscallen, akiwa na Peter Nyambo kutoka Malawi, alifika Gendia, juu ya kilima kinachotazama Ghuba ya Winam, na Injili waliyoileta ilikuwa na mafundisho ya afya ndani yake. Hospitali ya Kendu ilizaliwa kutokana na kazi hiyo. Mafundisho yenyewe yalitegemea sana maandishi ya Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa letu, na ni kweli kwamba mama huyo aliandika kwamba magonjwa ya wanyama yataongezeka hadi itafika siku maziwa na mayai yasiwe salama. Sentensi hizo ndizo zinazosambazwa kwenye simu zetu leo.

Zinazoachwa ni zile zinazozifuata. White huyo huyo aliwaonya watu wenye haraka. Alisema maskini, na watu wa nchi ambako vyakula vingine havipatikani, wasiambiwe waache maziwa na mayai kabla hawajapata vya kuweka mahali pake. Alisema pia kwamba maziwa mengi yakichanganywa na sukari nyingi huleta madhara, na hilo silisikii likihubiriwa, pengine kwa sababu litatugusa sote. Tena tukumbuke aliandika wakati gani. Kitabu chake kikubwa cha afya kilitoka mwaka 1905. Chicago, mji mkubwa wa kwanza Marekani kulazimisha maziwa yachemshwe kitaalamu kabla ya kuuzwa, ulifanya hivyo mwaka 1908. Maziwa aliyoyaogopa yalikuwa yanabeba kifua kikuu na kuua watoto wachanga mijini. Hofu yake ilikuwa na sababu, na sababu hiyo ina dawa: moto.

Tukija kwenye utafiti, tuwe waaminifu kwa pande zote mbili. Wasabato wenzetu wa Amerika Kaskazini wamefuatiliwa na Chuo Kikuu cha Loma Linda tangu mwaka 2002, watu zaidi ya 90,000. Mwaka 2020 watafiti hao walieleza kwamba, katika wanawake karibu 53,000, waliokunywa maziwa mengi walipatwa na saratani ya matiti zaidi kuliko waliokunywa kidogo sana. Uhusiano huo haukuonekana kwenye jibini na mtindi. Utafiti wa kufuatilia watu hauwezi peke yake kuthibitisha kwamba maziwa ndiyo yaliyoleta ugonjwa, lakini si wa kupuuzwa. Mwaka huo huo, Oxford nchini Uingereza, watafiti waliofuatilia watu karibu 55,000 walieleza kwamba wasiokula chochote kitokacho kwa mnyama walivunjika nyonga zaidi ya mara mbili kuliko wala nyama. Hilo nalo si la kupuuzwa.

Hata hivyo, watu wale wote ni watu wa nchi za shibe. Anayeacha maziwa ya ng'ombe kule huchukua rafuni maziwa ya soya yaliyokwisha kuongezewa kalsiamu na vitamini B12. Utafiti unaotuhusu zaidi ulifanywa hapa hapa Kenya, huko Embu, kuanzia mwaka 1998. Katika shule 12 za msingi, watoto wengine walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na glasi ya maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na kundi la mwisho halikupewa kitu. Waliopata nyama au maziwa, upungufu wao wa vitamini B12 ulipungua sana. Waliopata mafuta tu hawakupata nafuu hiyo. Kwa waliodumaa, maziwa yaliwasaidia kurefuka. Kwenye mitihani ya akili nyama ilishinda maziwa, na hilo nalo tuliseme. Taifa lenyewe limetoka mbali: takwimu za afya za mwaka 2022 zinaonyesha asilimia 18 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka asilimia 26 mwaka 2014. Waliosoma miaka ya 1980 na kupanga foleni kupokea pakiti za pembetatu za maziwa ya Nyayo wanajua kwamba serikali nayo iliwahi kuamini glasi hiyo.

Wengine husema, "Mimi maziwa yananivuruga tumbo, kwa hiyo Mungu hakuyakusudia kwangu." Kuvurugika huko ni kweli. Watu wazima wengi duniani hupoteza uwezo wa kumeng'enya laktosi, sukari iliyo ndani ya maziwa. Mwaka 2007 kikundi cha mtaalamu Sarah Tishkoff kilionyesha kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki wana mabadiliko yao wenyewe ya urithi yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani, mabadiliko yasiyotoka Ulaya. Kwa hiyo katika kanisa moja utamkuta anayekunywa lita bila shida na anayeteswa na kikombe kimoja. Mabibi zetu walilijua hilo bila maabara, ndiyo maana maziwa mabichi ya kunywa hawakuyapenda kama maziwa lala. Bakteria wa kugandisha hula sehemu ya laktosi kabla haijafika tumboni mwako.

Tena angalia jinsi maziwa yanavyotumika katika mapishi ya kando ya ziwa. Mama anachambua akeyo, ile mboga chungu ambayo wengine huiita saga au mgagani, pengine akiichanganya na osuga, yaani mnavu. Anaichemsha, anamwaga maji yake, kisha anaimiminia maziwa ndani ya chungu na kuiacha ichemke taratibu. Siku ya pili anaongeza maziwa, anaipasha tena. Siku ya tatu uchungu umekwisha, mchuzi umekuwa mzito na una rangi ya majani yaliyokolea, na bakuli moja pamoja na ugali linatosha watu watano. Nusu lita imegawanyika kwa nyumba nzima kwa siku kadhaa. Mlo huo hauko katika utafiti wa Loma Linda wala wa Oxford, na anayetaka kuufuta kwa jina la afya anatakiwa kwanza aukaribie na kuuonja.

Sasa nije kwenye hoja ninayoiona muhimu kuliko zote. Kando ya ziwa hili tuna chakula kinachoweza kweli kuchukua nafasi ya maziwa, nacho ni omena. Huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo ana kalsiamu tele. Ana protini, ana B12. Mtu mzima anayekula omena mara kwa mara pamoja na mboga za kienyeji anaweza kuyaacha maziwa leo na asipungukiwe. Lakini wanaohubiri kuacha maziwa ndio hao hao wanaohubiri kuacha samaki. Anayefuata mahubiri yote mawili amebakiwa na ugali, maharagwe, njugu, sukuma wiki na matunda. Ni vyakula vizuri, lakini hakuna kimoja kati yake chenye B12. Upungufu wake huja polepole: uchovu, ganzi miguuni, kusahau, na kwa mtoto wa mama mjamzito athari ni mbaya zaidi. Omena na maziwa hushikiana zamu. Mmoja anaweza kupumzika ikiwa mwingine yupo kazini. Ukiwaachisha wote wawili, nunua vidonge vya B12, na usione aibu. Imani haikatazi duka la dawa.

Kuhusu usalama sitawaficha kitu. Maziwa mengi ya Kisumu hufika kwa pikipiki na mitungi kutoka Nandi na vijiji vya jirani, na muuzaji mwaminifu wa Kibuye hukupimia kwa laktomita mbele ya macho yako. Yachemshe hadi yafurike, hata kama muuzaji amekuapia. Moto huua vijidudu vya bruselosi na vya kifua kikuu cha ng'ombe. Moto hauondoi sumukuvu inayotoka kwenye lishe ya mahindi yaliyoota ukungu, wala mabaki ya dawa alizodungwa ng'ombe jana. Hayo yanamhitaji mfugaji mwenye hofu ya Mungu na Bodi ya Maziwa yenye macho. Na tukitaka kweli kufuata ushauri wa White, tuanze na vijiko vya sukari. Mkenya hukadiriwa kutumia maziwa zaidi ya lita 100 kwa mwaka, na sehemu kubwa huingia kwenye kikombe cha chai au kakao kilichokolezwa sukari. Watu wa kisukari wanaojaa kwenye kliniki zetu hawakuletwa huko na mtindi.

Ndani ya toleo hili daktari wa watoto anaeleza mtoto ale nini baada ya miezi sita ya maziwa ya mama peke yake. Mchungaji anasoma Warumi 14 na kuuliza nani aliyetupa ruhusa ya kumhukumu mtumishi wa mwingine. Mfugaji wa Muhoroni anatoa hesabu ya ng'ombe wake wawili. Familia moja iliyoacha kabisa vyakula vya wanyama inatueleza wanachopika na wanachotumia, vidonge vikiwemo, nao wamestahili kusikilizwa bila dhihaka.

Msimamo wa gazeti hili ni huu. Mtoto anayekua asinyimwe maziwa kwa jina la Mungu ikiwa hana kitu kingine cha kumjenga. Mtu mzima mwenye omena, mboga na maarifa yuko huru kuyaacha, na aliye huru kuyanywa asiitwe dhaifu wa imani. Kunywa au kutokunywa kusiwe kipimo cha kubatizwa, cha kuchaguliwa shemasi wala cha kuimba kwaya. Na yeyote atakayepanda mimbarani kuwaambia watu waache maziwa, katika hubiri hilo hilo awatajie waweke nini, na bei yake sokoni Kibuye ni shilingi ngapi.