Bima ya afya na gego la mtoto wa Jilore

Mkulima wa Jilore, kando ya Mto Sabaki, akiambiwa matibabu ya zahanati ni bure, hudhani jino la mwanawe nalo limo. Hapo ndipo utata unapoanzia.

Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipotwaa nafasi ya NHIF, serikali hugharimia huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya kwa kila aliyejisajili, hata asiyechanga. Lakini daktari wa meno kwa kawaida hayuko huko. Yuko hospitalini, Malindi. Na hospitalini huulizwa mchango: asilimia 2.75 ya mshahara kwa mwajiriwa, na kwa asiye na ajira rasmi kiwango kisichopungua Sh300 kwa mwezi, kinachotozwa kwa mwaka mzima. Sh3,600 kabla ya mavuno si haba, licha ya nauli.

Basi mzazi husubiri, akijipa moyo kwamba jino la utotoni litang'oka lenyewe. Kumbe gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma ya mengine yote, bila jino lolote kung'oka. Likioza, halina mrithi.

Aliyelipa naye asijione amevuka. Mtoto hadaiwi mchango wake, ila sharti awe amesajiliwa chini ya mzazi. Tena kuziba jino na kuling'oa ni huduma mbili; heri kuuliza dirishani mapema ni ipi inayolipiwa, na kwa kiasi gani.

Kaunti ya Kilifi, yenye dhamana ya hospitali hizo, ingeweza kumtuma mtaalamu wa meno shuleni kila muhula. Jilore haiko mbali hivyo.