Upepo Kabla ya Mlango wa Nakshi

Toleo hili linahusu nyumba za pwani na namna watu wanavyozipamba, na tungependa msomaji ajue msimamo wetu kabla hajafungua kurasa zenye picha. Siku hizi mtindo wa pwani unanunuliwa kwa vipande: mlango wa nakshi unasimamishwa sebuleni Nairobi, kasha la njumu linawekwa chini ya televisheni, zidaka (vishubaka vya ukutani) za jipsamu zinabandikwa kwenye ukuta wa mapokezi ya hoteli. Vitu vyenyewe ni vizuri, na anayevipenda hana kosa. Lakini nyumba ya pwani haikuanzia hapo. Ilianzia kwenye joto, unyevu na chumvi ya bahari, na kwenye haja ya kumkirimu mgeni bila kumwonyesha faragha ya wenyeji. Pambo lilikuja juu ya majibu ya haja hizo, mara nyingi likiwa sehemu ya majibu yenyewe. Kwa hiyo twasema anayetaka kupamba kwa mtindo huu aanze na kivuli, upepo, ukuta na mahali pa kuketi, kisha ndipo aende kwa muuza milango.

Tuchukue nyumba ya mawe ya Lamu, ya karne ya 18, ambayo ndiyo inayoigwa zaidi. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, upana wake karibu mita 3 au pungufu, kwa kuwa dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti ina kikomo cha urefu inaoweza kuuhimili bila kupinda. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene kiasi cha nusu mita, na upande wa njiani hazina madirisha makubwa. Mgeni anaanzia kwenye daka lenye viti vya kujengwa, anapinda kuingia, na hewa na mwanga vinatoka kiwandani, ule uwanja ulio wazi juu. Kutoka hapo misana, yaani vyumba virefu vinavyopakana, inafuatana, kila mmoja ukiwa na mwanga mdogo kuliko uliotangulia, hadi ndani kabisa. Huko ndani ndiko kulikokuwa na ukuta wa zidaka, safu juu ya safu, zilizofinyangwa kwa lipu nyeupe ya chokaa na kuwekwa bakuli za kaure kutoka Uchina na vitu vingine vya thamani. Mwanaakiolojia Linda Donley-Reid, aliyezichunguza nyumba hizi, alieleza kwamba mapambo hayo hayakuwa ya fahari tu: chumba hicho kilikuwa cha kuzalia na cha kuoshea maiti, na zidaka na kaure zake zilihusishwa na kukilinda na kukisafisha. Hata asiyeyakubali maelezo hayo ataona jambo moja kwa macho yake, kwamba zidaka zinaishi kwa kivuli. Mwanga hafifu unaotoka kiwandani ndio unaozipa kina. Zihamishie kwenye ukumbi wenye kioo toka sakafuni hadi darini, uzitie balbu ndani, na kina hicho kinapotea papo hapo.

Chokaa inastahili maneno zaidi, maana ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Watu wanaiona kama rangi nyeupe ya bei nafuu, kumbe ni sehemu ya uhai wa ukuta. Matumbawe hunyonya unyevu, na lipu ya chokaa huuacha unyevu huo utoke. Ukuta kama huo ukipigwa lipu ya saruji, kisha rangi ya mafuta, maji na chumvi hubaki ndani, na baada ya muda lipu huvimba, hubanduka na kuanguka vipande vipande. Nyumba nyingi za kale zimeharibiwa na ukarabati uliofanywa kwa nia njema namna hii. Nyumba mpya ya matofali ya saruji haina matumbawe ya kulinda, ni kweli, lakini chokaa iliyopakwa juu ya ukuta wa saruji usio na rangi bado inatoa weupe ule laini ambao rangi za dukani hujitahidi kuuiga. Haitashika juu ya rangi ya mafuta, kwa hiyo fundi anayeahidi hivyo asiaminiwe.

Kuna hoja nzito dhidi yetu, na hatutaki kuipita mbali. Nyumba hizi za zidaka zilikuwa za waungwana, na utajiri uliozijenga ulitokana kwa sehemu kubwa na mashamba na kazi za watumwa. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Watu wengi wa pwani hawakuwahi kulala chini ya boriti zilizopakwa rangi. Anayeuliza kwa nini tusifu makazi ya wachache ana haki ya kujibiwa. Jibu letu ni kwamba mtindo wa pwani ni mpana kuliko nyumba ya mawe. Nyumba ya udongo na makuti yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma na baraza mbele, ile iliyoenea Kariakoo, Tanga na Mombasa, ilitatua tatizo lilelile la joto kwa gharama ndogo: milango ya mbele na ya uani ikifunguliwa, upepo unapita nyumba nzima. Kwa maoni yetu huo ndio ufundi wa pwani unaofaa kuigwa kwanza, na ni aibu kwamba majarida ya mapambo, pamoja na hili, yameupa nafasi ndogo.

Wengine watasema pwani yenyewe imeazima tangu zamani, basi ubaguzi wetu una maana gani? Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliisifu milango ya Kilwa kwa nakshi zake. Karne ya 19 Zanzibar ikapokea milango ya mtindo wa Kihindi yenye tao juu, pamoja na vitanda vya samadari. Tunakubali, na hilo linatusaidia. Kilichoazimwa kilipewa kazi. Bakuli la Uchina lilipata kidaka chake, na mlango wa Kihindi ulipata baraza pembeni na jirani wa kuketi juu yake. Mlango uliowekwa ukutani usipofunguka kuelekea popote haujapewa kazi yoyote.

Na mpangaji wa ghorofa ya tatu asiyeruhusiwa hata kupigilia msumari? Huyo ana nafasi kubwa kuliko anavyodhani. Akiwa Dar es Salaam au Mombasa, ajue dirisha lake linapokea kaskazi au kusi, aondoe kabati au kochi lililoziba njia ya upepo, aweke pazia jepesi, atandike mkeka wa ukindu badala ya zulia la manyoya, na aache ukuta mmoja mtupu. Akiwa Nairobi, ambako Julai ni baridi, upepo si haja yake. Achukue utaratibu wa ukarimu, yaani kiti cha mgeni karibu na mlango, na vyumba vya kulala visivyoonekana toka hapo.

Mlango wa nakshi uje mwisho, na uwe mpya. Milango mingi ya kale imeng'olewa kwenye nyumba za Lamu na Mji Mkongwe ikauzwa, ingawa Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 na Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985. Anayenunua mlango mkongwe bila kuuliza ulikotoka anaweza kuwa amenunua uso wa nyumba ya mtu. Mafundi wa kuchonga bado wapo Lamu na Zanzibar, wanafanya kazi kwa patasi na nyundo, na wanafundisha vijana. Wapeni vipimo vya mlango wenu halisi, ule mnaoupita kila siku, na muda wa kutosha wa kuuchonga.