Malaria Sugu na Haki ya Mama Mjamzito



Tunapozungumza juu ya haki na amani katika Tarafa ya Loliondo, wengi hutazamia kusikia habari za ardhi, mipaka na malisho. Habari hizo ni nzito, nasi hatuzikwepi. Lakini lipo suala jingine la haki ambalo haliitishi mikutano ya hadhara wala halileti waandishi wa habari hapa Ololosokwan. Huamuliwa kimyakimya, ndani ya tumbo la mama. Nalo ni malaria inayoshinda dawa wakati wa ujauzito.

Tuanze na mizani. Kati ya Septemba 2008 na Oktoba 2010 watafiti waliwafuatilia wanawake wajawazito 924 huko Korogwe, mkoani Tanga. Walichunguza vimelea vya malaria katika damu ya wale walioambukizwa, kisha wakawapima watoto walipozaliwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba asilimia 44.4 ya vimelea vilivyochunguzwa vilikuwa na mabadiliko sita ya urithi, yanayovipa nguvu ya kuistahimili dawa ya SP. Hiyo ndiyo dawa ambayo mama hupewa kliniki ili kumkinga. Watoto wa mama walioambukizwa vimelea hivyo walizaliwa na uzito uliopungua kwa wastani wa gramu 359, wakilinganishwa na watoto ambao mama zao walikuwa na vimelea vyenye mabadiliko machache.

Gramu 359 ni zaidi ya robo kilo ya sukari. Mtu mzima akipungua kiasi hicho hatambui. Lakini mtoto akizaliwa chini ya gramu 2,500 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu, na mtoto wa namna hiyo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kufa katika siku zake za kwanza, kuugua mara kwa mara na kuchelewa kukua. Robo kilo hiyo hakuipoteza kwa kosa lake. Wala si kosa la mama yake, maana utafiti uleule ulionyesha kwamba kubeba vimelea sugu hakukutegemea idadi ya dozi ambazo mama alikuwa amemeza.

Malaria humdhuru mtoto aliye tumboni kwa njia ya ujanja. Seli nyekundu za damu zilizoingiwa na vimelea hunata kwenye kondo la nyuma, ambalo ndilo mlango wa chakula na hewa ya mtoto. Hapo hujificha. Mama aweza kupimwa damu ya kidoleni na kuambiwa kuwa hana malaria, kumbe kondo limejaa vimelea. Mama hupungukiwa damu, mtoto hupungukiwa chakula, na mimba yaweza kuharibika au mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Mimba ya kwanza ndiyo iliyo hatarini zaidi mahali penye malaria nyingi, kwa kuwa mwili wa mama bado haujajifunza kupambana na vimelea vya aina hiyo.

Pengine msomaji wa Ololosokwan atauliza: hayo ya Tanga yanatuhusu nini sisi tunaoishi nyanda za juu, penye baridi na mbu wachache? Ni kweli kwamba Mkoa wa Arusha ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 uliwakuta na vimelea takribani watoto 8 katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, na Arusha ilikuwa mbali chini ya kiwango hicho. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini lina upande wake wa pili. Mtu aliyekua bila malaria hana kinga dhidi yake. Mama wa nyanda za juu anapoambukizwa, iwe ni mimba ya kwanza au ya sita, ugonjwa humwangukia kwa uzito wote. Homa hupanda haraka, damu hupungua haraka, na maisha yake mwenyewe huingia hatarini pamoja na ya mtoto.

Wala mfugaji hakai mahali pamoja mwaka mzima. Ukame ukibana, mifugo na familia huteremka kuelekea Ziwa Natron na nchi za chini zenye joto. Wapo wanaokwenda Sale, ambako mifereji ya kumwagilia mashamba imekuwapo tangu enzi za mababu, na penye maji ya kutuama mbu huzaliana. Wapo wanaoolewa mbali, na wapo wanaofuata minada. Kila safari ya namna hiyo yaweza kumpeleka mama mjamzito penye malaria akiwa hana chandarua wala kadi ya kliniki.

Tena kuna safari kubwa kuliko hizo. Tangu Juni 2022 familia kutoka Hifadhi ya Ngorongoro, katika wilaya yetu hii, zimekuwa zikihamishiwa Msomera, Wilaya ya Handeni. Serikali imesema kwamba wanaohama wanahama kwa hiari. Wengi wa wenyeji wamelipinga zoezi hilo. Hatuingii hapa katika shauri zima. Tunataja jambo moja tu ambalo halisikiki katika mabishano hayo. Handeni inapakana na Korogwe. Mama aliyezaliwa penye baridi ya Ngorongoro, asiye na kinga yoyote mwilini, anapelekwa kuishi jirani na mahali palipotoa ile hesabu ya gramu 359. Anayepanga kuhamisha watu hupanga nyumba, shule na visima. Je, amepanga pia kipimo cha malaria, chandarua na kliniki kwa mama huyo tangu siku ya kwanza ya kushuka garini?

Ni vema tukumbuke jinsi tulivyofika hapa. Wazee wetu wanavikumbuka vidonge vichungu vya klorokwini, vilivyotibu malaria kwa miaka mingi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 vimelea vya Afrika Mashariki vilianza kuishinda dawa hiyo. Ilipofika mwaka 2001 Tanzania iliiacha na kuweka SP mahali pake. Haukupita muda mrefu SP nayo ikaanza kushindwa, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaja dawa mseto iitwayo ALu. Tangu hapo SP haikuwa tena dawa ya kuwatibia wagonjwa wa kawaida, bali ilibakizwa kwa wajawazito, kama kinga. Tutafakari hapo kidogo. Dawa ambayo vimelea vilikwisha kuizoea ndiyo iliyobaki kuwa ngao ya mtu dhaifu kuliko wote katika nyumba.

Hata hivyo, tunawasihi wasomaji wasitoe hitimisho lisilo sahihi. SP haijawa maji matupu. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika Kenya, Malawi na Tanzania, likihusisha wanawake 4,680. Dawa mpya zaidi ilizuia malaria vizuri kuliko SP, lakini matokeo ya uzazi hayakuwa bora kuliko yale ya mama waliomeza SP. Yaonekana SP humsaidia mama na mtoto kwa njia nyingine pia, zaidi ya kupambana na malaria. Kwa hiyo mama anayepewa SP kliniki na aimeze. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2012 linashauri itolewe kuanzia mwezi wa nne wa ujauzito, kila anapohudhuria kliniki, mradi upite angalau mwezi mmoja kati ya dozi na dozi. Ngao iliyotoboka bado ni ngao. Lakini hapaswi mtu kuachiwa hiyo peke yake.

Hapa ndipo suala la afya linapogeuka kuwa suala la haki. Mama anayeishi karibu na hospitali ya mjini huanza kliniki mapema, hupimwa, hupewa chandarua, hurudi kila mwezi, na akiugua hutibiwa siku hiyohiyo. Dawa moja ikilegea, zipo kinga nyingine zinazomshika. Mama wa boma la mbali hufika kliniki mara moja au mbili, mimba ikiwa kubwa, na pengine hukuta vipimo vimekwisha. Yeye hana kinga nyingine ya kumshika. Usugu wa dawa hauwapigi watu wote sawasawa: humpiga kwanza yule aliyekuwa ametupwa pembeni.

Na wakati mwingine hatupwi na umbali tu. Mwezi Agosti 2017 maboma yalichomwa moto hapa Ololosokwan na katika vijiji vya jirani. Juni 2022, wakati wa uwekaji wa mipaka ya eneo la kilometa za mraba 1,500, familia nyingi zilivuka kuingia Kenya. Boma linapoungua, chandarua huungua pamoja nalo, na kadi ya kliniki pia. Mama aliye mbioni hahesabu miezi ya dozi. Mwaka huohuo wa 2022 ndege za Flying Medical Service, zilizokuwa zikipeleka chanjo na kliniki za wajawazito kwa wafugaji tangu miaka ya 1980, zilizuiwa kuruka. Walioamua mambo hayo labda hawakumfikiria mama mjamzito hata mara moja, na hilo lenyewe ndilo tunalolalamikia.

Lipo pia jambo la kwetu wenyewe, tulitaje kwa heshima. Katika mila ya Kimaasai mama mjamzito hupunguza chakula miezi ya mwisho, ili mtoto asiwe mkubwa akashindwa kuzaliwa. Wageni huliita jambo hilo ujinga. Sisi hatuliiti hivyo. Ni busara ya watu walioishi vizazi vingi bila chumba cha upasuaji karibu, wakiwazika mabinti waliokwama katika uzazi. Lakini malaria imeingia mlango huohuo. Mtoto akizaliwa mdogo, familia hushukuru kwamba uzazi ulikuwa mwepesi, na hakuna anayeuliza kilichomla tumboni. Wakunga wetu wa jadi na bibi zetu wakilielewa hilo, watakuwa walinzi wa kwanza. Nao wataliacha zoea la kumnyima mama chakula siku watakapoamini kwamba gari la wagonjwa litafika kweli likiitwa.

Wala hatuna muda wa kungoja. Vimelea vyenye dalili za kustahimili artemisini, ambayo ndiyo nguvu ya dawa mseto, viliripotiwa Rwanda mwaka 2020 na Uganda mwaka 2021, kisha vikathibitishwa kwetu Tanzania, mkoani Kagera. Historia ya klorokwini na ya SP inataka kurudiwa mara ya tatu.

Kwa hiyo tunatoa wito ufuatao.

Kwa akina baba na laigwanani wetu: mruhusuni mama aende kliniki mara anapotambua kuwa ni mjamzito, na mpeni nafasi ya kurudi kila mwezi. Chandarua anachopewa ni chake na cha mtoto. Kisifunike ndama wala mbegu. Familia inapohamia nchi za chini, chandarua na kadi vitangulie kufungwa katika mzigo.

Kwa akina mama: homa katika ujauzito si ya kungoja ipite. Nenda upimwe. Ukipewa ALu, ni vidonge 4 mara mbili kwa siku kwa siku 3, jumla 24. Usibakize hata kimoja kwa ajili ya jirani. Kimeze pamoja na maziwa, maana mafuta ya maziwa huisaidia dawa kuingia mwilini. Kama mimba bado ni changa, mweleze mhudumu kabla hajaandika dawa.

Kwa wahudumu wa afya: SP imezwe mbele yenu. Kumbukeni kwamba foliki asidi ya miligramu 5 hudhoofisha SP, na kwamba mama anayetumia kotrimoksazoli hapewi SP. Zaidi ya yote, mpokeeni mama aliyetembea tangu alfajiri kwa lugha ya upole, ili apate moyo wa kurudi.

Kwa Serikali: Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliahidi huduma bila malipo kwa wajawazito, na mpango wa mwaka huohuo ulilenga zahanati katika kila kijiji. Ahadi hiyo itimizwe hata kwa vijiji vilivyo katika mgogoro wa ardhi, kwa maana mtoto aliye tumboni si mdai wala mdaiwa katika shauri lolote. Na kabla ya kumhamisha mtu yeyote kutoka penye baridi kwenda penye malaria, upimaji, vyandarua na kliniki vitangulie malori.

Kwa Kanisa: Hospitali ya Wasso ilianzishwa katika miaka ya 1960 kwa jitihada za padre aliyekuwa pia daktari, Herbert Watschinger, aliyeona kwamba kuhubiri bila kutibu hakutoshi. Tusiuache urithi huo ubaki katika majengo. Kila jumuiya ndogondogo ijue ni mama yupi katika eneo lake ni mjamzito, na ni nani atakayemsindikiza kliniki.

Mtoto atakayezaliwa mwezi ujao katika boma mojawapo la Ololosokwan hajui habari za vimelea wala za mipaka. Atawekwa kwenye mizani, na mizani itasema kama tulimtendea haki kabla hatujamwona uso wake.