Mtindi ni wa kunywa, si wa kupaka kidonda

Juni na Julai, baridi ya Mbeya na Iringa huwasogeza watoto karibu na jiko la mkaa na sufuria ya uji. Mtoto akiungua, kila jirani ana dawa yake: dawa ya meno, majivu, hata mtindi, kwa kuwa una bakteria wazuri.

Habari ya bakteria ina ukweli. Laktobasili wanaogandisha maziwa hutengeneza asidi inayozuia baadhi ya vijidudu. Mwaka 2009, watafiti wa Argentina walichapisha matokeo ya kutibu majeraha ya moto kwa bakteria wa kundi hilo, nayo yalikaribiana na ya dawa ya kawaida ya kupaka. Lakini bakteria wao walioteshwa maabara na wagonjwa waliangaliwa na madaktari. Mtindi wa nyumbani unaweza kubeba vijidudu vingine, na vikiingia kwenye ngozi iliyochubuka huleta usaha.

Mzazi apooze jeraha kwa maji safi ya bomba, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20, huku sehemu nyingine za mwili zikifunikwa mtoto asipate baridi. Asitumbue malengelenge. Afunike jeraha kwa kitambaa safi, kisha awahi kituo cha afya akiwa na kadi ya kliniki, ili chanjo ya pepopunda nayo iangaliwe.

Mtindi usitupwe. Kidonda huhitaji protini ili kipone, na mtindi unayo, kama yalivyo mayai, maharage na dagaa. Mahali pake ni kwenye kikombe.